Duke walikuwa juu kwa pointi 6, zimebaki sekunde 35. Nani aliua ule mchezo?

#1 Kijana_wa_Upanga (Jumapili, 6 Aprili 2025)
Wakuu, habari za Jumapili. Kwa mliolala: Duke wametolewa na Houston 70-67, nusu fainali ya NCAA, mashindano ya kikapu ya vyuo vya Marekani, pale Alamodome, San Antonio. Dakika nane kabla ya filimbi ya mwisho tulikuwa juu kwa pointi 14. Zikiwa zimebaki sekunde 35 ubao unasoma 67-61. Kuanzia hapo sisi hatukupata hata moja, wao wakachukua tisa. Tisa mfululizo, ndani ya nusu dakika!

Mama watoto kaamka kanikuta nimekaa gizani, simu imekata chaji, akauliza nani kafariki.

Nina maswali mawili. Kwanza, nani aliua mchezo? Pili, nyie mkipigwa kipigo cha namna hii mnafanyaje? Mimi si Mmarekani, sijasoma Duke, na Durham, mji wao, sijawahi kuikanyaga. Nilianza kuifuata msimu huu kwa ajili ya Khaman Maluach, dogo wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala. Nikadhani nitakuwa mtazamaji tu. Leo hata chai imenishinda.

#2 Mwananchi_Halisi
Pole mkuu. Mimi mwaka 2023 niliishinda USM Alger kwao kule Algiers 1-0 na kombe bado likabaki kwao kwa goli la ugenini. Ukishapita pale, hakuna chuo cha Marekani kitakachokunyima chai. Kunywa, itapoa.

#3 Mzee_wa_Pembeni
Mtoa mada umeuliza nani aliua. Ngoja nipange matukio yalivyofuatana, maana naona watu wataanza kurusha majina ovyo.

67-61. Emanuel Sharp wa Houston anapiga pointi tatu, inakuwa 67-64, zimebaki sekunde 33. Duke wanauingiza mpira kutoka nje ya mstari, Sion James anautoa, Mylik Wilson wa Houston anaudokoa. Wilson anajaribu tatu ya kusawazisha, anakosa, Joseph Tugler anaupokea juu kwa juu na kudanki, yaani kuukandamiza kwenye ringi. 67-66. Duke wanafanyiwa faulo, mtupo huru unakosewa. Kwenye kugombea ile ribaundi, yaani mpira uliorudi kutoka ringini, faulo inapigwa dhidi ya Cooper Flagg wa Duke kwa kumpandia J'Wan Roberts mgongoni. Roberts anafunga yote mawili, 68-67. Flagg anapewa mpira wa mwisho, anaruka mbele ya Roberts huyo huyo, anakosa. LJ Cryer anamalizia mitupo miwili. 70-67.

Haya, chagueni muuaji.

#4 SimbaWaKikapu
Flagg. Mchezaji bora wa mwaka anakosa mtupo huru, anafanya faulo ya kitoto, halafu anakosa na shuti la mwisho. Matatu kwa mkupuo. Tusitafute mchawi.

#5 Dada_Durham
@SimbaWaKikapu mtupo ule hakuupiga Flagg, aliupiga Tyrese Proctor. Flagg alimaliza na pointi 27, na kikapu pekee cha Duke katika dakika kumi za mwisho ni chake, ile tatu iliyofanya 64-55. Umtoe Flagg, kipigo kingeanza mapema zaidi.

Nimesema hivyo kwa haki tu. Mimi ni Mkenya, naishi hapa Durham, na ni wa Tar Heels, timu ya chuo cha North Carolina, watani wa Duke. Jana usiku nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

#6 Kijana_wa_Upanga
Dada_Durham unaishi Durham halafu unashangilia North Carolina?

#7 Dada_Durham
Chapel Hill, kilipo chuo chetu, ni mwendo wa dakika chache tu kwa gari, kaka. Kodi ya nyumba haiulizi timu.

#8 MkufunziZenj
Kwa wasiojua hesabu ya mtupo wa Proctor, maana wengi tumezoea kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, au NBA. Vyuo vya wanaume Marekani wana utaratibu wao: timu pinzani ikifikisha faulo ya saba katika kipindi, unapewa mtupo mmoja kwanza. Ukifunga ndipo unapata wa pili. Ukikosa, mpira uko hai, watu wanagombea. Kwa hiyo Proctor hakupoteza pointi moja pale. Alipoteza mbili na umiliki, na kutoka hapo ikazaliwa ile faulo ya Flagg. FIBA ungepewa yote mawili: hata ukikosa la kwanza unajipanga kwa la pili.

Mimi nasema kanuni ndiyo iliua mchezo.

#9 Mwananchi_Halisi
Kanuni haikudaka jezi ya mtu, mwalimu. Kijana alikosa.

#10 BosiWaLubumbashi_HTX
Salamu kutoka Houston! Niko hapa miaka mingi, nyumba yetu nzima ni nyekundu. Mbona hamtaji ulinzi wetu? Mnaongea kana kwamba Duke walicheza peke yao wakajifunga. Kocha wetu Kelvin Sampson amejenga timu inayogombea kila mpira kama deni. Dakika kumi kikapu kimoja, mnadhani hiyo ni bahati? Tugler alipigwa tekniko, faulo ya kiufundi, kwa kuugonga mpira mikononi mwa yule aliyekuwa anauingiza, Kon Knueppel akafunga ule mtupo, watu wakasema basi, kijana kaimaliza timu yake. Ni Tugler huyo huyo aliyekuja kudanki. Muulizeni Maluach alipata ribaundi ngapi.

#11 Kijana_wa_Upanga
Usiende huko.

#12 BosiWaLubumbashi_HTX
Sifuri. Mita 2.18, ribaundi sifuri. Naenda kanisani, nitarudi mchana.

#13 Mukwano_Kawempe
Wakuu, kwa Maluach naomba tutulie kidogo. Huyu ni wa kwetu. Huku Kawempe watu wanamjua tangu hajaanza hata kushika mpira, na mwaka jana alicheza BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, akiwa na City Oilers yetu ya Kampala. Ana miaka 18.

Na kuna jambo hamjaligusa. Jana hiyo hiyo, saa chache kabla ya mchezo, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kufuta viza za watu wote wenye pasi za Sudan Kusini. Wote. Chuo chenyewe kililazimika kutoa kauli kwamba kinafuatilia. Sasa wewe una miaka 18, una mchezo mkubwa kuliko yote maishani mwako, na simu imejaa ujumbe wa watu wanakuuliza utarudi wapi. Ungeruka?

#14 SimbaWaKikapu
Mkuu nakuelewa lakini hapo unakisia. Hakuna anayejua kichwani mwake kulikuwa na nini. Houston wamewasumbua warefu wengi msimu huu na viza zao hazikuguswa.

#15 Mukwano_Kawempe
Sikusema ndiyo sababu. Nimesema mkihesabu ribaundi hesabuni na hilo.

#16 Mama_Tabora
Hivi ile habari ya viza si ilianza na mtu mmoja tu aliyerudishwa Juba, Juba wakamkataa wakisema ni Mkongo? Yaani mtu mmoja kapandishwa ndege, nchi nzima inapigwa marufuku, na mtoto wa mpira wa kikapu yumo. Dunia hii.

#17 Mzee_wa_Pembeni
Ndiyo, ilianzia hapo. Ila mods watatuhamishia jukwaa la siasa, turudi uwanjani.

Vijana mnaomboleza kana kwamba hili ni jipya. Aprili 2004, uwanja huo huo wa Alamodome, nusu fainali hiyo hiyo. Duke dhidi ya UConn, chuo cha Connecticut. Duke juu kwa pointi nane, zimebaki kama dakika tatu. UConn wakapiga 12 mfululizo. Chris Duhon akatupia tatu ya mbali mwishoni ikaingia, lakini ilipunguza aibu tu: 79-78. Na ndani ya ile Duke alikuwemo nani? Luol Deng. Kijana wa Sudan Kusini, mwaka wake wa kwanza na wa mwisho chuoni.

Miaka 21 baadaye, mji ule ule, chuo kile kile, kijana mwingine wa Sudan Kusini. Mtu akiniambia Alamodome ina jini sitambishia.

#18 MkufunziZenj
Mzee, 2004 haikuwa jini, ilikuwa faulo. Warefu watatu wa Duke walitolewa kwa faulo tano mchezo ule, Shelden Williams, Shavlik Randolph na Nick Horvath. Emeka Okafor wa UConn akabaki anajipakulia.

#19 Mzee_wa_Pembeni
Na faulo zililetwa na nani? Nakuacha na swali.

#20 Mwananchi_Halisi
😂😂 Mzee haachi.

#21 Ilala_Boy88
Huu uzi unaniumiza kwa sababu nyingine. UConn iliyomfunga Deng ndiyo iliyokuja kutuua sisi tulipokuwa na Hasheem Thabeet wetu ndani yake. Mnakumbuka? Machi 2008, raundi ya kwanza, UConn wamepangwa namba nne kwa ubora, wanakutana na San Diego namba kumi na tatu, watu tunajua ni mazoezi. Muda wa nyongeza, 70-69, kwaheri. Mwaka uliofuata wakafika Final Four, yaani nusu fainali, wakakutana na Michigan State mjini Detroit, yaani ugenini kabisa, wakalala 82-73. Dar nzima ilikuwa na matumaini na yule Mbongo wa mita 2.21.

Sikuwa na intaneti ya maana wakati ule. Nilisoma matokeo kwenye gazeti, ukurasa wa ndani, mistari minne. Labda ndiyo maana halikuuma hivi. Leo mnauona mpira ukidokolewa moja kwa moja kwenye kiganja, halafu mnarudia klipu mara ishirini.

#22 Kijana_wa_Upanga
Hapo umenigusa @Ilala_Boy88. Mimi ile klipu ya Wilson nimeitazama tena na tena, kila mara nategemea Sion James atatoa pasi nyingine.

#23 Mama_Tabora
Futa hiyo klipu mwanangu. Jibu la swali lako la pili ndilo hilo. Usitazame, usisome maoni, usibishane na watu wa Houston wakitoka kanisani. Lala. Jumatatu fua nguo.

#24 Dada_Durham
Mbinu ya wengi huku ni kuvua jezi. Sitanii. Kuna utafiti maarufu wa Robert Cialdini na wenzake, 1976, walikuwa wanahesabu nguo za wanafunzi siku ya Jumatatu. Timu ya chuo ikishinda wikendi, nguo zenye jina la chuo zinaongezeka madarasani. Ikifungwa, zinapungua. Ilikuwa futiboli ya Kimarekani lakini tabia ni hiyo hiyo. Kesho nitapita madukani Durham nihesabu mwenyewe, kwa furaha yangu.

#25 Kijana_wa_Upanga
Una roho mbaya wewe.

#26 Dada_Durham
Nina roho ya 2016. Fainali, Marcus Paige wetu kasawazisha kwa shuti ambalo mpaka leo sijui liliingiaje, 74-74, nikaruka nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Sekunde 4.7 zimebaki. Villanova wakaukimbiza, Kris Jenkins akapiga tatu mlio ukilia. 77-74. Nilibaki nimemshikilia yule mtu. Mwaka uliofuata wale wale walirudi wakachukua kombe, ndiyo ikanitoka moyoni. Ninyi wa Duke mwaka ujao Flagg hayupo, Knueppel hayupo, Maluach naye hayupo. Nani atalipiza? Hilo ndilo tatizo la timu ya watoto wa mwaka mmoja.

#27 SimbaWaKikapu
Hapo nakubaliana. Virginia 2018 walikuwa wa kwanza kabisa kwa wanaume, namba moja kupigwa na namba kumi na sita, UMBC, 74-54, Marekani nzima ikawacheka. Wakarudi 2019 na wachezaji wengi wale wale, wakabeba kombe. Duke hawawezi hiyo. Kila mwaka wanaanza upya, kila mwaka kwenye dakika za mwisho unamkabidhi mpira mtu wa miaka 18. Houston wana watu wazima. Roberts yuko pale chuoni mpaka amekuwa kama mwalimu wa nidhamu.

#28 MkufunziZenj
Lakini Sion James na Proctor si watoto. James alishacheza miaka minne Tulane kabla ya kuja Duke, Proctor ni mwaka wake wa tatu. Makosa mawili makubwa yalikuwa ya wakubwa, si ya watoto. Hoja ya umri inavuja.

#29 Coach_Mtaani
Nimefundisha timu za mtaani muda mrefu, naona mnaruka jambo la msingi. Kocha Jon Scheyer. Uko juu kwa 14, mashambulizi yamekufa, kila safari ni mpira kwa Flagg na wengine wanne wanatazama. Ungebadilisha kitu. Shuti la mwisho lenyewe: una mchezaji bora nchini, uko nyuma kwa pointi moja tu, anaishia kuruka kwa kurudi nyuma mbele ya mlinzi imara. Kwa nini asishambulie kikapu atafute faulo?

#30 BosiWaLubumbashi_HTX
Nimerudi. Kwa sababu njia ya kwenye kikapu ilikuwa imejaa watu wekundu, kocha.

#31 Mukwano_Kawempe
Shuti lenyewe si baya. Flagg amelifunga mara nyingi msimu mzima. Lingeingia mngemwita Scheyer fundi.

#32 Coach_Mtaani
Halikuingia.

#33 Ilala_Boy88
Na ile faulo ya Flagg mgongoni mwa Roberts? Sekunde 20 zimebaki nusu fainali, refa unapuliza ile? Mkono uligusa, sawa, lakini chini ya kikapu cha chuo pale kila mtu anamgusa mwenzake.

#34 MkufunziZenj
Ni faulo. Alikuwa nyuma, akapitisha mkono juu. Dakika ya kwanza au ya mwisho, ni faulo.

#35 Ilala_Boy88
Kwenye kitabu ni faulo.

#36 Mwananchi_Halisi
Mpaka hapa wauaji ni James, Proctor, Flagg, Scheyer, refa, kanuni ya mtupo mmoja, Rubio na jini la Alamodome. Kuna aliyebaki?

#37 Mama_Tabora
Mtoa mada mwenyewe, alikuwa macho. Timu zangu zote zinashinda nikilala.

#38 BosiWaLubumbashi_HTX (Jumanne, 8 Aprili)
Wakuu.

#39 Kijana_wa_Upanga
Hahahaha karibu sana mkuu! Keti. Chai ipo.

#40 Dada_Durham
Kwa ambao hamkuamka kuona fainali: Florida 65, Houston 63. Houston waliongoza kwa pointi 12 kipindi cha pili. Mpira wa mwisho ni wao, Sharp karuka apige tatu, akamwona Walter Clayton anamjia hewani, akauachia mpira chini. Akiugusa tena ni kosa. Akausimamia, anautazama, mpaka Alex Condon wa Florida alipojitupa juu yake. Hawakupata hata shuti.

#41 BosiWaLubumbashi_HTX
Sisi tuna historia na hili. 1983, Hakeem Olajuwon na Clyde Drexler, timu ambayo kila mtu aliiogopa, North Carolina State wakatufunga 52-54 kwa danki ya Lorenzo Charles mlio ukikaribia. 1984 Georgetown. Na sasa hii. Fainali tatu, kombe sifuri. Watoto wangu wamelia, mimi nimetoka nje kuosha gari usiku.

#42 Mzee_wa_Pembeni
Pole. Na kwenye ile fainali ya 1983 Houston walikosa nini dakika za mwisho? Alvin Franklin, mtupo wa kwanza wa ile kanuni ya mtupo mmoja kwanza. Kama Proctor. Jim Valvano, kocha wa North Carolina State, alikuwa anawafanyia faulo makusudi wakapige.

#43 MkufunziZenj
Asante Mzee! Kanuni hiyo hiyo. Nilisema.

#44 Mzee_wa_Pembeni
Sikusema ni kanuni. Nimesema walikosa.

#45 Kijana_wa_Upanga
Niseme ukweli, nilidhani Houston wakifungwa nitapona. Niliamka makusudi. Nilicheka dakika kumi, halafu nikafungua tena klipu ya Wilson.

#46 Mama_Tabora
Nilikwambia uifute.

#47 Ilala_Boy88
Mimi nadhani kinachouma si Duke. Ni kwamba sisi tunapata mtu mmoja wa ukanda huu kwenye jukwaa lile kila baada ya miaka mingi. Deng, kisha Thabeet, sasa huyu. Mmarekani akifungwa ana mwaka ujao. Sisi tunasubiri atokee mwingine mrefu.

#48 Mukwano_Kawempe
Usiwaze hivyo. Sudan Kusini Julai mwaka jana waliwakimbiza Marekani yote ya LeBron James kule London, 101-100, mpaka LeBron mwenyewe akaokoa sekunde za mwisho. Na Maluach alikuwemo kikosini, halafu Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Deng ndiye rais wa shirikisho lao. Hatusubiri tena bahati nasibu, kuna mtambo unatengenezwa.

#49 SimbaWaKikapu
Ile ya London nayo walifungwa kwa pointi moja, ujue.

#50 Mukwano_Kawempe
Asante kwa kunikumbusha, ndugu.

#51 Mukwano_Kawempe (Alhamisi, 26 Juni)
Naufufua uzi. Drafti ya NBA, timu zimechagua vijana wapya: Flagg namba moja, Dallas. Knueppel namba nne, Charlotte. Maluach namba KUMI! Kashikwa na machozi akiongea kuhusu Sudan Kusini, na huku Kawempe watu hawajalala.

#52 BosiWaLubumbashi_HTX
Na nani kamchagua? Houston Rockets 😂😂😂 Kavaa kofia ya Houston mbele ya dunia nzima!

#53 Kijana_wa_Upanga
Kofia ya kupita hiyo. Anakwenda Phoenix Suns, yumo kwenye ile biashara ya Kevin Durant. Msitake kuniua mara mbili.

#54 Ilala_Boy88
Thabeet alichaguliwa namba mbili 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na tunajua ilivyokwenda. Kumi ni pazuri, hakuna presha.

#55 Dada_Durham
Thabeet huyo huyo sekondari ya Marekani alimalizia wapi? Houston, Cypress Christian. Mji huo unawafuata jamani.

#56 Mzee_wa_Pembeni
Mnaona? Na mlinicheka nilipotaja jini.

#57 Coach_Mtaani
Michezo ya Phoenix itakuwa saa ngapi kwetu? Kule wako magharibi zaidi.

#58 MkufunziZenj
Mingi ya nyumbani kwao itaanza saa kumi na moja au saa kumi na mbili asubuhi. Utatazama ukipiga mswaki.

#59 Mama_Tabora
Heri, maana mtu akikaa gizani atakuwa kaamua mwenyewe. Suns nao wameshawahi kuchukua kombe?

#60 SimbaWaKikapu
Bado. Fainali tatu, zote wamefungwa.

#61 Kijana_wa_Upanga
Mods, fungeni huu uzi.